Serahangi Hakaribishi

Mtaani kwetu Mji wa Kale, ukitaka kumtukana mtu bila kumtukana, mwambie nyumba yake haina karibu. Hapo umemmaliza. Waweza kumwita mtu bahili, mvivu, muongo, akacheka mkaendelea na kahawa. Lakini umwambie mlango wake haukaribishi, ataondoka barazani na salamu yako hataiitikia mpaka Ramadhani iwapatanishe. Basi mimi niliishi miaka mingi mlango kwa mlango na mtu ambaye kwake hilo halikuwa tusi. Lilikuwa kweli tupu. Hakusema karibu. Si kwa mgeni, si kwa ndugu, si kwa paka.

Tulimwita Serahangi kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya, mkubwa wa mabaharia katika boti ya doria, zile zinazozunguka mwambao kuchunguza nani aingia na nani atoka. Jina alilopewa na babake nalijua, na halitawafaa kitu. Alipostaafu, miaka ya tisini ikianza anza, alikuja akaketi katika nyumba ya marehemu mkewe, kichochoro kimoja na duka langu la kutengeneza redio, yeye na bintiye Rukia. Kichochoro chenyewe ni chembamba. Yeye akipiga chafya kwake, mimi namwombea rehema kwangu bila kuinua kichwa.

Na chafya yenyewe ilikuwa chafya! Yule mtu hakujaaliwa sauti ya chini. Umri wake wote alikuwa akisema na watu walio ng'ambo ya maji, mashine zikinguruma na upepo ukivuma, sasa utamwambia nini ajue kunong'ona? Akiulizia bei ya changu sokoni, wanunuzi wa mchicha waligeuka. Siku moja alitaka kunipa siri kuhusu jirani fulani, akanivuta pembeni, akaniwekea mkono begani, akanisemea sikioni, na jirani mwenyewe akajibu kutoka ghorofani, "Muongo huyo, Serahangi, si mimi!" Msikitini, sote tukisema Amin, yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kushuka.

Kazi yake aliipenda, wala hakuificha. Vijana wakizungumza barazani habari za manowari na mizinga, aliwacheka. Alinyosha kidole upande wa Ngome akasema, "Ile mizinga mwaiona? Nionyesheni mmoja uliomzuia mtu. Wareno walikuwa nayo yote hiyo, wakatolewa. Pwani hailindwi kwa mzinga. Pwani yalindwa kwa kuuliza." Nchi, kwa maneno yake, ni nyumba ambayo mlango wake wa mbele ni maji, na maji hayatiwi komeo. Kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kusimama pale akauliza. Nani? Watoka wapi? Wenda wapi? Umetukua nini? Mtu mwenye nia njema hujibu yote manne pasi na kupumua, alisema, na mwenye nia mbaya hukwama kwenye moja, na mara nyingi si lile unalolidhania.

Tatizo ni kuwa alistaafu boti, kuuliza hakukustaafu. Muuza maziwa alikuwa akija na baiskeli yake kila asubuhi, na kila asubuhi Serahangi yuko mlangoni. "Nani?" "Mimi, Serahangi." "Watoka wapi?" "Kisauni." "Umetukua nini?" "Maziwa! Kila siku ni maziwa!" "Kila siku ni maziwa," Serahangi alisema, "ndivyo wasemavyo wote." Na akanusa mdomo wa mtungi kabla ya kumruhusu apite. Maalim wa msikiti wetu aliulizwa hivyo hivyo na juzuu mkononi. Rukia ndiye aliyeulizwa kuliko wote. Alikuwa msichana mkubwa, karani katika ofisi moja ya kusafirisha mizigo, na hakuwahi kutia wala kutoa mguu pale nyumbani pasi na kutaja alikotoka na aendako. Alikuwa akimjibu huku anacheka. "Rukia binti babake, natoka jikoni, nakwenda kazini, nimechukua mkoba na mwavuli, haya nipe njia." Naye alisogea, amejaa furaha usoni, na kumtazama mpaka apinde kona.

Msidhani alikuwa malaika wa sheria lakini. Magendo aliyapiga vita nusu ya maisha yake, na sukari aliyokuwa akinywea chai, sote tulijua imepitia wapi mpaka ikafika mtaani. Nilimchokoza siku moja. Akakoroga, akaonja, akasema, "Hii ilinishinda kuikamata baharini. Naikamatia kikombeni." Na yeye aliyelala juu ya maji miaka yote ile, mvua ikinyesha alifunga madirisha, akazima taa, akaketi kwenye ngazi za ndani mpaka ikatike. Usimsemeshe. Mimi mwanzoni nilidhani paa lavuja.

Sasa nifike kwenye hilo neno. Ukipiga hodi kwake alijibu, "Nani?" Ukijitaja alifungua mlango, mbao zote mbili, akasimama kando, akakunyoshea mkono uelekee ndani. Kisha basi. Kimya. Wewe umesimama pale kwenye kizingiti wangoja uambiwe lile neno ambalo hata maskini asiye na mkeka wa kukukalisha hukuambia, na mwenye nyumba anakutazama amefunga mdomo. Mtu wa pwani aingieje? Huwezi. Miguu yenyewe inakataa. Watu walisimama kidogo, wakababaika, wakasema wamepita tu kumjulia hali, wakaenda zao na hasira.

Na kama ungeingia, basi! Halwa, kashata, kahawa ya tangawizi, mto wa kuegemea, na maneno mpaka adhana. Jirani akifiwa, Serahangi ndiye wa mwanzo kulishika jeneza. Kuna ajuza mmoja nyuma yetu alivunjika nyonga. Maji yake ya kutawadhia yalipandishwa na Serahangi mpaka alipopona. Mtu mkarimu, wallahi, mkarimu kunishinda mimi. Lakini ukarimu wake ulikuwa ndani, na mtaa ulikuwa nje, na katikati palikuwa na neno moja asilolitoa.

Sikukuu ya Idi ndiyo iliyokuwa ikiniuma. Wanaume wetu, baada ya swala, hupita nyumba kwa nyumba. Serahangi alikuwa akitandika busati jipya, akapanga visheti na halwa kwenye sinia, akafukiza udi, akafungua mlango wote, akakaa akingoja. Makundi yalipita. "Idi mubarak, Serahangi!" "Idi mubarak!" alijibu kwa sauti ile, na wao wakapunguza mwendo kidogo, wakimpa nafasi. Akiwa hakuipokea nafasi hiyo, waliongeza mwendo. Mimi nilikuwa naingia bila kungoja, nikakaa, nikala vya watu wengi, na bado sinia ilionekana haikuguswa. Nikitoka nilimkuta Rukia kwenye ngazi, nguo mpya mwilini, ameshika tama.

Yale ya Idi mtu angeyavumilia. Yaliyoharibu ni posa.

Rukia alikuwa amepata mtu, kijana wa Kuze, mwalimu, familia ya heshima zake. Siku ikapangwa. Wazee wa kijana wakaja alasiri baada ya swala, wamevaa makoti juu ya kanzu, wananukia kutoka kona ya msikiti. Mimi nilifunga duka nikakaa barazani kwangu, maana posa ya jirani ni yako pia. Wakapiga hodi. "Nani?" Nikasema moyoni, ya Rabi, leo tu. Mlango ukafunguliwa. Serahangi amevaa vizuri, amepaka wanja. Akanyosha mkono kuelekea ndani.

Wazee wakangoja. Yule mkubwa wao, mwenye bakora, akajikohoza kumkumbusha. Serahangi akanyosha mkono tena, na uso wake, mimi niliuona, ulikuwa uso wa mtu anayebeba gunia zito kuliko nguvu zake. Midomo ikafunguka, ikafungika. Yule mzee akawageukia wenzake akasema, kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya, "Twendeni zetu, jamaa. Hapa hatukukaribishwa." Wakaondoka na hawakurudi. Kijana naye hakuwa na kifua cha kupingana na wazee wake.

Rukia alikuwa nyuma ya pazia. Sikumwona, nilimsikia, na kichochoro kizima kilimsikia. "Neno moja, baba! Neno moja tu! Wamwuliza mpaka muuza maziwa, mimi neno moja lakushinda?" Kabla wiki haijesha, Rukia alikuwa amehamia kwa mama yake mdogo, kule mtaa wa Buxton, na mzee wa watu akabaki na nyumba ya ghorofa mbili na sauti isiyokuwa na wa kumwita. Mimi nilimlaani, sitaficha. Nilipita mbele ya mlango wake pasi na kusalimu kwa muda, nikajiona mtu wa haki.

Alikuja mwenyewe dukani, amekumbatia redio yake. Akaiweka mezani, akasema, "Fundi, hii ina ubovu."

Nikaifungua, nikaisikiliza. Nzima. Nikamwambia, "Serahangi, hii yaimba kuliko mimi."

"Ina neno moja nalitaka litoke."

Nikadhani mzaha. Kumbe kila kipindi kikianza, mtangazaji husema karibuni wasikilizaji, na yeye alikuwa akikimbilia kuizima, akangoja kidogo, akaiwasha tena. Sasa magoti yalikuwa yanamuuma, hawahi. Alitaka nimfanyie ufundi neno lile lipite kimya. Alinitazama kwa matumaini, wallahi, kama vile nina bisibisi ya kazi hiyo. Nikaacha kila kitu nikavuta kiti. Nikamwambia, "Keti. Sema."

Ilikuwa asubuhi, akasema, miezi ya mwisho ya kazi yake. Mvua ya kusi, maji yamechafuka. Huko kaskazini kulikuwa na vita na watu, wengi wa lugha yetu hii hii, wanakimbia kwa chochote kinachoelea. Mbele yao wakaiona boti imejaa wanawake na watoto, imetulia mahali pamoja pasipo nanga. Nahodha akapunguza mashine. Serahangi alikuwa omo, mbele kabisa ya boti, kipaza sauti mkononi, na ubavuni pake kijana wake wa kazi, Mrabai mmoja, Mkristo, mwepesi wa kucheka, ameshika kamba tayari kurusha. Serahangi akauliza kama desturi: Nani? Mwatoka wapi? Wale watu wakainuka wote pamoja, wakapunga mikono, wakapiga kelele. Upepo ukayala maneno yao yote ukamletea moja tu. Karibu! Karibu!

"Sasa niambie wewe," akaniuliza, "mtu amelelewa Mvita, akiambiwa karibu, ajibuje?"

"Starehe," nikasema.

"Basi ndivyo nilivyowajibu. Kwa kipaza sauti. Nikamgeukia nahodha nikamwambia, twende, wanatukaribisha. Kisha nikawajibu wenyewe: starehe!"

Walikuwa wakiwaambia mwamba u karibu. Wao wenyewe walikuwa wameshaupanda, ndiyo sababu boti yao imetulia vile. Mkono wa kukuita na mkono wa kukukataza, ukiwa mbali na mvua yanyesha, ni mkono mmoja. Neno lile la adabu lilikuwa bado liko mdomoni mwake boti ilipogonga, na kijana Mrabai aliruka kutoka omo na kamba yake akaingia baina ya boti na jiwe. Wale wakimbizi waliokolewa wote. Yeye alitolewa amekufa.

Uchunguzi ulifanywa ukaona ni bahati mbaya, hakuna wa kulaumiwa. Wenzake walimtuliza. Hayo yote angeweza kuishi nayo, akasema, na huenda ulimi wake ungepona. Lakini alikwenda Rabai mazikoni. Alifika mbele ya nyumba, amevaa sare, kofia mkononi, na mama wa kijana akatoka kumlaki, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Karibu, baba."

Serahangi akaisogeza redio kando pale mezani. Kisha akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuisikia sauti yake ikiwa chini, "Nilikosa la kumjibu. Jibu lake ni moja tu, na lile nilishalitumia."

Nikamwambia amweleze Rukia. Nikamwambia mtoto haki yake ni kujua. Akafoka, "Nimwambie nini? Kuwa babake aliua mtu kwa adabu?" Akaniweka amana nisifungue mdomo, nami sikufungua mpaka siku aliyoniruhusu mwenyewe, baada ya haya yote. Redio nilimrudishia. Nilitia swichi kwenye waya mrefu aweze kuizima akiwa kitini, ndio ufundi nilioweza.

Tangu hapo nilikuwa nikifuatana naye Jumapili mpaka ufukweni Mama Ngina. Watu pale jioni huwa wengi, mihogo, mabuyu, viazi karai, watoto na baluni, wote wanatazamana wao kwa wao. Serahangi aliwapa mgongo. Alikaa kwenye ukuta akautazama mlango wa Kilindini, meli zikiingia na kutoka, akizisema kwa jinsi zilivyokaa majini, "Ile imeshiba. Ile yaja na njaa." Alinunua mihogo ya watu wawili kila mara, ndimu na pilipili, na muhogo mmoja alikuwa haugusi. Nikanyosha mkono nimsaidie. "Wacha hiyo," akasema. Rukia alikuwa akipenda mihogo ya pale. Unapoa, unakauka, na tukiondoka anampa paka, na wiki ya pili ananunua tena. Nilikasirika. Kutoka pale mpaka Buxton si safari. Ni mtu kuinuka akaenda. Lakini yeye angekwenda apige hodi kwa shemeji yake, na shemeji angesema nini kama si lile lile neno?

Na Rukia hakuja. Alikuwa na kiburi cha babake, mimi nasema. Miaka ikapita hivyo, watu wawili katika kisiwa kimoja.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha mama mdogo wa Rukia aliponiita Buxton. Rukia amechumbiwa tena, mtu wa Majengo, fundi wa meli, na safari hii posa waliipeleka kwa mama mdogo, mlango wa kukaribisha. Lakini ndoa haifungiki hivyo. Binti ana baba aliye hai. Baba ndiye walii, ndiye wa kumshika bwana harusi mkono na kutamka. Au ampe mtu wakala amtamkie. "Nenda kamwombe," Rukia akaniambia, uso kavu, "amuwakilishe ami aliye Malindi. Hana haja ya kujisumbua kuja. Mwambie ni rahisi, ni maneno machache, na yote ya mtu mwingine."

Nilimchukua maalim awe shahidi pamoja nami. "Nani?" "Sisi." Tukaingia, mimi mbele, maalim akinifuata kwa kuwa nimemvuta mkono. Nikayasema niliyotumwa. Nilitaraji mlipuko. Nilitaraji, na niseme kweli, nilitamani. Kanyagia chini, Serahangi, nilikuwa nikisema moyoni, uliza yule mtu ni nani na atoka wapi! Yeye alisikiliza amekunja mikono. Akauliza, "Ndivyo atakavyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi." Akainuka akasimama wima kama yuko kazini, akamtazama maalim, akatamka kwamba amemuwakilisha ndugu yake amuoze binti yake, kila herufi mahali pake. Tukapewa kahawa na kashata. Maalim akamsifu kwa wepesi wake. Serahangi akasema, "Mtoto ameomba kitu kimoja miaka yote hii. Nimnyime?"

Nikarudi Buxton na bishara yangu. Rukia alikuwa akitia nyuzi kwenye mto. "Amekubali," nikamwambia.

Sindano ikasimama. "Amekubali?"

"Papo hapo."

"Hakufoka?"

"Hakufoka."

"Hakuuliza? Hakuuliza ni nani, atoka wapi?" Nikatikisa kichwa. Akauweka ule mto kando. "Umri wangu wote naulizwa nikienda dukani. Leo naolewa na haulizi." Akaanza kulia, kilio cha kitoto, cha kwikwi, na mama yake mdogo akanitazama kwa jicho la kunichinja. Ndipo nilipoelewa kuwa ule ujumbe ulitumwa ili ukataliwe. Nikasema narudi sasa hivi namwambia. "Usirudi!" akasema Rukia. "Ameshasema. Mambo yamekwisha." Kiburi, nawaambieni. Wawili wale, mtu angewagonganisha vichwa.

Nikaha ilikuwa alasiri ya Ijumaa. Msikiti ulijaa, ami wa Malindi ameketi mbele, bwana harusi ameinamisha kichwa. Nami nilikuwa safu ya pili nilipotupa jicho dirishani nikamwona Serahangi. Yuko nje, ng'ambo ya kichochoro, amesimama juani chini ya spika ya msikiti. Nikatoka, nikavaa viatu kombo kombo.

"Ingia, bwana! Hii ni ndoa ya mwanao!"

"Nikiingia watanisimamisha mlangoni," akasema. "Mimi ndimi baba. Watu wafika, watangoja niwaambie."

Nikasimama naye. Hotuba ikesha, ami akatamka, na sauti ya bwana harusi ikatoka juu ya vichwa vyetu, nimekubali kumuoa, na jina la Rukia, na jina lake yeye Serahangi baada ya la Rukia. Alikuwa amefumba macho, shingo mbele.

"Amesema wazi?" akaniuliza.

"Wazi."

"Hapana neno lililoliwa?"

"Hapana hata moja."

"Alhamdulillahi." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Watu walipoanza kutoka akageuka kwenda zake. Nikamshika mkono. Nilidhani atanisihi nisiseme. Akasema, kwa sauti ile ya kuvusha maji, wapita njia wote wakamgeukia, "Mwambie nilikuwapo!"

Jioni hiyo nilikwenda Buxton na mke wangu. Wanawake walijaa mpaka ngazini. Nikapenyezwa mpaka nje ya chumba cha bi harusi, nikasimama upande wangu wa pazia, nikasema, "Rukia. Babako alikuwapo. Alisimama nje, alisikia yote."

Akauliza, "Alivaa nini?"

Swali gani hili? "Kanzu," nikasema. "Nyeupe. Na koti."

"Kanzu ilipigwa pasi?"

Ningeweza kumdanganya, harusi yenyewe. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma ya ule mgongo muda wote wa hotuba. "Haikupigwa," nikamwambia. "Makunyanzi matupu, mpaka kwenye kola."

"Hebu!" Sauti ilipanda, sauti ya babake hasa, ukumbi mzima ukanyamaza. "Amekwenda msikitini, siku ya ndoa yangu, na kanzu haina pasi? Kwani mtaa mzima huo hauna watu? Na wewe ulikuwa wapi?" Akanisema mimi, akamsema mke wangu, akausema Mji wa Kale wote, na katikati ya maneno nikamsikia analia tena, lakini si kilio kile cha juzi.

Nanyi mwajua fungate yetu, siku saba bi harusi hatoki chumbani, hashiki kazi, hata maji huletewa. Jumapili asubuhi, nimefungua duka tu, nikaona buibui lapinda kona kwa haraka, hina bado nyeusi mpaka kwenye viwiko, bwana harusi nyuma yake amebeba pasi. Hakupiga hodi. Aliusukuma mlango akaingia, na kutoka barazani kwangu nilimsikia akipanda ngazi anaita, "Baba! Ziko wapi hizo kanzu?"